Michepuko ya angani: mwongozo kamili wa rubani anavyogeuza ndege katikati ya bahari

Shangazi yangu alipanda ndege kwenda Marekani kumuona mjukuu, wakiwa katikati ya Atlantic kapteni akatangaza wanageuza wanaenda kutua kisiwani, wakatua, wakakaa humo ndani masaa mpaka miguu ikavimba. Alivyofika tu akanipigia. Namwambia shikamoo, hata hajaitikia ananiuliza "mwanangu, hivi yule rubani alipotea njia?" Nikamwambia shangazi, kile kisiwa kilikuwa kwenye karatasi zake kabla hata hujafunga mkanda. Hakuniamini, na najua sio yeye peke yake, kwahiyo leo naeleza yote kuanzia ofisini mpaka matairi yanagusa lami. Ni ndefu, kaa na chai.

Mimi sio rubani. Nimefanya kazi ya udispacha, yaani wale tunaokaa chini na kompyuta tunapanga njia, mafuta na viwanja vya akiba, alafu kapteni anakuja anapitia anasaini au anagoma. Ndege ikiacha safari yake ikaenda kutua pengine sisi tunaita daivasheni. Ile kampeni ya michepuko sio dili baki njia kuu ilikuwa nzuri sana kwa ndoa za watu, ila huku juu kuna siku kubaki njia kuu ndo hatari yenyewe.

Hatua ya 1: Chepuka kwanza kwenye karatasi

Hapa ndo kwenye kazi kubwa na ndo abiria hapaoni kabisa.

Ndege nyingi zinazovuka bahari saivi zina injini mbili tu, Boeing 777 na 787, Airbus A330 na A350. Zamani haikuwa hivo. Kuanzia 1953 Wamarekani walikuwa na sheria ya dakika 60, ndege ya injini mbili isifike sehemu ambayo injini moja ikizima itahitaji zaidi ya saa moja kufika uwanja, ndo maana bahari ilikuwa ya ndege za injini tatu na nne. 1985 shirika la Marekani TWA wakaanza kuvuka Atlantic na Boeing 767 kwa kibali cha dakika 120, na hicho kibali ndo kinaitwa ETOPS. Marubani wana utani wao, wanasema kirefu chake ni injini zizunguke au abiria waogelee. Leo dakika 180 ni kitu cha kawaida, 787 imeshapewa mpaka 330 na A350 mpaka 370. Kenya Airways walivyoanza Nairobi kwenda New York moja kwa moja tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka 2018 na 787, ni kibali cha namna hii ndo kinawezesha ile safari kukatiza Atlantic badala ya kuambaa na ukingo wa nchi kavu kama jahazi.

Na kibali sio cha ndege peke yake, shirika nalo linapimwa. Kuna kitu kimoja nakipenda sana: fundi yuleyule hatakiwi kufanya kazi ileile kwenye injini zote mbili kwenye matengenezo mamoja. Manake akikosea kufunga mpira wa oili upande wa kulia, kesho atakuwa amekosea vilevile kushoto, na hizo injini mbili zitakuwa na ugonjwa mmoja.

Sasa dispacha anachora. Anachukua viwanja vya akiba, kwa Atlantic ya kaskazini ni Shannon kule Ireland, Keflavik Iceland, Gander na Goose Bay Kanada, Lajes kwenye visiwa vya Azores, Bermuda na wengine. Kati ya viwanja viwili anatafuta pointi ambayo kurudi nyuma na kwenda mbele ni mda uleule. Sisikii watu wakiielezea hii vizuri kwahiyo ngoja nipige hesabu. Shannon mpaka Gander chukulia maili 1,700 za baharini. Injini moja imezima, ndege inaenda noti 400, yaani maili 400 za baharini kwa saa, upepo unatoka magharibi noti 50. Ukiendelea mbele unapata 350, ukirudi unapata 450. Unachukua 1,700 unazidisha na mwendo wa kurudi 450, unagawa kwa jumla ya mwendo wa kurudi na wa kwenda ambayo ni 800, inakuja kama 956. Kwahiyo pointi yako haipo katikati kwenye 850, imesogea mbele mpaka 956, sababu upepo wa mbisho, kama mabaharia wa pwani wanavyouita, unafanya Gander iwe mbali zaidi kuliko ramani inavyosema. Ukiwa hapo kokote uendako ni masaa mawili na dakika saba hivi. Injini ikizima maili moja kabla unarudi, maili moja mbele unaendelea, hakuna mjadala wa kuanzisha saa tisa usiku.

Alafu mafuta. Unajiuliza, kwenye ile pointi mbaya kuliko zote kukitokea janga, yatafika? Na unapiga hesabu tatu: injini imezima, hewa ya kabini imevuja injini zote zikiwa nzima, na vyote viwili kwa pamoja, unachukua ile inayokula mafuta mengi. Wengi wanadhani injini ndo mbaya, kumbe mara nyingi ni hewa, kwasababu hewa ikivuja unatakiwa ushuke mpaka futi 10,000 watu wapumue bila barakoa, na huko chini hewa ni nzito na injini za jeti zinakunywa vibaya mno. Juu yake unaongeza mafuta ya kuzunguka dakika 15 ukifika, ya kutua, na ya barafu kama utabiri unaonyesha barafu.

Hali ya hewa ya viwanja vya akiba nayo inapimwa kwa masharti makali kuliko kawaida kabla ya kuondoka. Ikiwa Lajes upepo wa pembeni umezidi unaifuta, unachora upya, hata kama ndege inabidi izunguke na abiria wachelewe.

Hatua ya 2: Kila saa jiulize "sasa hivi je?"

Ndege ikishaingia baharini rada za nchi kavu haziioni tena. Marubani wanatembea na kalamu wanaweka alama kila wakipita pointi, wanalinganisha mafuta yaliyobaki na yaliyopangwa, wanaomba hali ya hewa mpya ya viwanja vya akiba kupitia satelaiti. Ukimuuliza kapteni mzuri mda wowote, "ukipata shida sasa hivi unaenda wapi", anakujibu kabla hujamaliza swali.

Usidharau hiyo kalamu. Tarehe 24 mwezi wa 8 mwaka 2001, A330 ya Air Transat kutoka Toronto kwenda Lisbon ilikuwa inavuja mafuta kwenye injini ya kulia, bomba lilikuwa linasuguana na bomba jingine baada ya injini kubadilishwa. Kompyuta ikaonyesha tenki zimepishana, marubani wakafungua vali ya kupeleka mafuta ya kushoto kwenda kulia ili zilingane. Kumbe wanayapeleka mazima kwenye tobo! Wakageuza kwenda Lajes, injini ya kulia ikazima, kama maili 65 kabla ya kufika na ya kushoto ikazima. Kapteni Robert Piché na msaidizi wake Dirk de Jager wakaielea ile ndege dakika 19 bila injini hata moja mpaka wakaitupa kwenye lami ya Lajes, watu wote 306 wakapona. Ule ni ushujaa kweli, sibishi, ila funzo ambalo mashirika walilibeba ni dogo na halina sinema: tenki zikipishana, kabla ya kuzilinganisha jumlisha kwanza uone mafuta yote yapo.

Hatua ya 3: Rusha ndege kwanza

Tatizo limetokea, kengele inalia, taa nyekundu. Mpangilio ni uleule wanaofundishwa toka siku ya kwanza kwenye kandege kadogo: rusha ndege, jua unakoenda, ndo uongee. Mmoja anarusha, mwingine anasoma chekilisti, wala hakuna kukurupuka. Kuna kisa maarufu cha marubani kuzima injini nzima badala ya mbovu, kwahiyo kabla ya kugusa swichi mmoja anaweka mkono anasema "injini ya kushoto", mwenzake anaangalia anathibitisha, ndo inazimwa.

Injini moja ikizima ndege haianguki, inashindwa tu kukaa juu vile. Kutoka futi 38,000 itateremka polepole mpaka elfu ishirini na kitu kutegemea na uzito, itulie huko na iendelee na safari. Hewa ikivuja ndo haraka: barakoa, ndege inashushwa kwa kasi. Zile oksijeni za abiria kwenye ndege nyingi zinatoa kwa dakika 12 mpaka 15 hivi, zinatosha kabisa kufika chini kwenye hewa ya kupumua. Kwahiyo ukiona inateremka kama lifti usianze kuaga ndugu.

Hatua ya 4: Toka barabarani kabla hujashuka

Hii ndo wengi hawaijui. Juu ya Atlantic ndege zimepangwa kama daladala za Ubungo asubuhi, moja juu ya nyingine kwa futi 1,000, mbele na nyuma. Ukiteremka tu kwenye njia yako unaweza ukamshukia mwenzako kichwani. Kwahiyo kama huwezi kupata ruhusa mapema unakata kona angalau digrii 30 kulia au kushoto, unaenda kwenye mstari uliolingana na njia yako umbali wa maili 5 za baharini. Ukiwa hapo unateremka mpaka chini ya futi 29,000, unakaa kwenye urefu wa nusu, yaani futi 500 tofauti na wanazotumia wengine, ndo sasa unaweza kukatiza kuelekea uwanja unaoutaka. Taa zote unawasha hata kama ni mchana, kioo cha kuonyesha ndege za jirani unakiangalia muda wote. Waliosoma vitabu vya zamani watakwambia maili 15 na digrii 45, ilikuwa hivo kweli, ilibadilishwa.

Kulia au kushoto? Inategemea uwanja uko wapi, hali ya hewa na nani yuko pembeni yako. Kile kioo na ule mchoro wa kalamu ndo vinajibu.

Hatua ya 5: Sema

MAYDAY mara tatu kama maisha yako hatarini, PAN PAN mara tatu kama ni haraka ila hamfi leo. Marubani wengine wanaona aibu kutamka mayday, kitu ambacho sijawahi kukielewa, ukishatamka dunia nzima inakupisha.

Unamwambia mwongoza ndege kwa meseji ya satelaiti, au simu ya satelaiti, au redio ya masafa marefu ya HF ambayo inakwaruza kama redio ya mbao ya babu. Kituo cha kuongoza ndege upande wa mashariki ni Shanwick, magharibi Gander, kusini Santa Maria. Na wakati huohuo unatangaza kwenye redio, namba 121.5 na 123.45, ambazo ndege nyingine za jirani wanasikiliza, unasema uko wapi, unashuka kutoka ngapi, unaelekea wapi. Msimbo wa dharura wa 7700 unaweka. Ofisini kwetu nako simu inaita, dispacha anaanza kutafuta hali ya hewa, mkandarasi wa ngazi, mafuta, hoteli.

Hatua ya 6: Uwanja upi?

Kwa injini iliyozima sheria inasema nenda uwanja unaofaa ulio karibu kwa mda. Kwa mda, sio kwa kilomita, na unaofaa. Hayo maneno mawili ndo kazi ya kapteni. Marubani wengi wanatumia mpangilio wa kukusanya ukweli, kutaja njia zilizopo, kupima hatari za kila moja, kuamua, kutekeleza, alafu kurudi kuangalia kama uamuzi bado uko sawa. Hiyo ya mwisho ndo watu wanaisahau.

Ila tatizo ndo linakupa haraka yake. Moshi au moto, hapo hakuna hesabu ndefu, nenda chini. Swissair 111 tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 1998, toka waliponusa harufu mpaka ndege inaingia majini karibu na Halifax ni kama dakika 20, watu 229, na wachunguzi walikuja kuona hata wangenyoosha moja kwa moja wasingewahi. Moto wa kwenye mizigo ni tofauti kidogo kwasababu kuna mitungi ya kuuzima, na ile mitungi ina mda wake, na mpango wote wa njia unafanywa ndani ya huo mda ukitoa dakika 15 za akiba.

Injini moja kuzima, unapumua. Mwezi wa 3 mwaka 2003 777 ya United kutoka Auckland kwenda Los Angeles iliruka karibu masaa matatu na injini moja mpaka Kona, Hawaii, wakatua kawaida tu.

Mgonjwa ndo mtihani kuliko yote kwangu mimi. Mhudumu anauliza kama kuna daktari ndani, kapteni anaongea na daktari wa chini kwa satelaiti, na swali linakuwa kwenda kisiwa chenye zahanati masaa mawili au kuendelea masaa matatu kwenye mji wenye hospitali ya moyo. Hakuna fomula. Shangazi alivyokuja kujua kumbe yule kapteni wake alimgeuzia mzee mmoja wa siti za nyuma, akanyamaza, alafu akasema basi Mungu ambariki.

Pacific kuna Midway, kijikisiwa kilichojaa albatrosi, yaani ndege inatua kati ya ndege. Mwezi wa 7 mwaka 2014 777 nyingine ya United kutoka Honolulu kwenda Guam ilitua pale na watu 348 sababu ya harufu ya kuungua. Huo ndo mfano wa "unaofaa": lami ipo, taa zipo, basi. Hoteli hakuna.

Hatua ya 7: Waambie wa nyuma

Kapteni anamuita mkuu wa wahudumu anampa vitu vinne: tatizo ni nini, tunafanya nini, tuna mda gani, na kuna lolote la pekee kama kujiandaa kutoka kwa dharura. Mhudumu anarudia alichosikia, palepale, manake mtu akishtuka anasikia nusu. Ndo abiria wanatangaziwa, na lugha inakuwa ya upole kupita kiasi, "tatizo dogo la kiufundi", msiwalaumu.

Hapa nichomekee kitu kwa ajili yako abiria. Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1996 767 ya Ethiopian ilitekwa, watekaji wanataka Australia, kapteni Leul Abate anawaeleza mafuta hayafiki hawasikii, ikaishia majini jirani na Ngazija kule Komoro, walikufa 125 kati ya 175. Baadhi walikuwa wamejaza maboya yao ndani ya ndege, maji yalivyoingia wakaelea mpaka kwenye dari wakashindwa kutoka. Boya linajazwa ukishatoka mlangoni. Yule mhudumu anayeonyesha pale mbele huku wewe uko WhatsApp anakwambia hilohilo.

Hatua ya 8: Tua, ukiwa mzito

Ndege iliyojaa mafuta ya masaa 14 ni nzito kuliko inavyoruhusiwa kutua. 777-300ER inaruka na tani 351, kutua kawaida ni tani 251. Kama mda upo unamwaga mafuta hewani, kama kuna moto unatua nayo hivohivo na mafundi watakagua baadae, chuma kinatengenezeka. Barabara ndefu, breki zitachemka, zimamoto wanasubiri pembeni, na mara nyingi ndege inasimama pale wazikague breki kwanza kabla ya kusogea.

Hatua ya 9: Mmetua, sasa balaa la pili

Kimya. Alafu mtu wa kwanza anauliza saa ngapi tunaondoka.

Kiwanja kidogo kinaweza kisiwe na ngazi ya kufikia mlango wa ndege kubwa, uhamiaji wamelala, na masaa ya kazi ya marubani yanaisha wakiwa palepale, hawaruhusiwi kuendelea hata ndege ikipona. Ndo maana shangazi alikaa ndani. Gander tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2001 ilipokea ndege kubwa 38 na watu karibu 7,000 kwenye mji wa watu kama 10,000, wakalala kwenye mashule na makanisa na majumbani mwa watu. Na 777 ya Swiss iliyotua Iqaluit, kaskazini kabisa mwa Kanada, mwezi wa 2 mwaka 2017 baada ya injini kuzima, ilibidi iletewe injini nzima kwa ndege ya mizigo ya Antonov, mafundi wakaibadilisha kwenye baridi ambayo mimi na wewe tungekufa tukiwa tumeshika spana.

Kwahiyo safari ndefu beba dawa zako kwenye begi la mkononi, sweta, chaja, na kitu cha kutafuna. Shangazi saivi anabeba kashata na viatu vya kulegeza.